Viini 96 kwa viini 2: kwa nini kazi haikwenda haraka mara 48

Swali la msomaji wa Sinza, Dar es Salaam: "Shikamoo mwalimu. Ninashughulikia takwimu katika ofisi ndogo inayowatunzia hesabu wauzaji wa dawa wa jumla wa Kariakoo. Kila mwisho wa mwezi ninaendesha programu niliyoiandika kwa Python, ambayo inasoma mafaili 36 ya mauzo, faili moja kwa kila mwezi wa miaka mitatu iliyopita, kisha inatoa jedwali moja la dawa zinazokwisha haraka. Kwenye laptopu yangu, ThinkPad T430 yenye prosesa ya Intel Core i5-3320M, kazi hiyo inachukua dakika 31. Mwezi uliopita tulikodi kwa siku moja seva nzima yenye prosesa ya AMD EPYC 9654 ya viini 96, nikitegemea kazi iishe kwa sekunde chache. Ikachukua dakika 14. Bosi anauliza kama tumeibiwa. Mimi ninauliza: je, prosesa ya viini 96 haipaswi kuwa na kasi mara 48 ya prosesa ya viini 2? Na je, tununue seva yetu wenyewe au niendelee na laptopu?"

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na la bosi, kwa kuwa ndilo linaloweza kuleta maneno ofisini: hamkuibiwa. Kutoka dakika 31 hadi dakika 14 ni kasi ya mara 2.2, na kwa programu iliyoandikwa kama unavyoieleza, hicho ni kiasi ambacho ningekikadiria hata kabla hamjalipa. Kosa limo katika kugawanya 96 kwa 2. Kiini ni sehemu ya prosesa inayoweza kufanya kazi yake yenyewe bila kungoja nyingine. Hesabu hiyo inajibu swali la kazi ngapi zinaweza kufanyika kwa pamoja, ilhali wewe ulitaka kujua kazi moja itakwisha lini.

Anayekwenda Kigamboni kwa kupitia Magogoni anaijua tofauti hiyo hata kama hajawahi kugusa kompyuta. Pantoni huvusha mamia ya watu pamoja na magari na mikokoteni yao kwa safari moja, lakini ukiwa abiria peke yako ndani yake huvuki upesi kuliko unavyovuka ikiwa imejaa, na mwenye boti ndogo ya mashine anaweza kukutangulia. Siku ile mlikodi pantoni nzima, kisha ukapanda peke yako.

Ungeliona jambo hili kwa macho kama ungefungua htop, programu inayoonesha prosesa imeshikwa na kazi kiasi gani, wakati kazi inaendelea. Ungekuta sehemu ya juu ya skrini imejaa vipau 192, kwa sababu kila kiini cha EPYC 9654 huendesha nyuzi mbili, yaani mifululizo miwili ya maagizo kwa zamu. Kipau kimoja kingekuwa kimejaa hadi asilimia 100, mara kikishuka na kingine kikipanda mahali pake pale mfumo unapoihamisha kazi, na vile 191 vilivyobaki vingekuwa vimelala kwenye sifuri au asilimia moja mbili za shughuli ndogondogo. Kwenye laptopu ungeona vipau 4, kimoja kimejaa. Kwa hiyo ulichopima ni kiini kimoja cha mwaka 2012 kikishindana na kiini kimoja cha mwaka 2022.

Tuzitazame prosesa zenyewe. Core i5-3320M ilitolewa na Intel katikati ya mwaka 2012, ni ya kizazi kiitwacho Ivy Bridge, na imetengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 22. Ina viini 2 na nyuzi 4. Kasi yake ya msingi ni gigahezi 2.6 na inaweza kupanda hadi 3.3, kache yake kubwa (hifadhi ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ni megabaiti 3, na imepangiwa joto la wati 35, hapo ikiwa imejumlishwa na sehemu ya picha inayolisha skrini yako. EPYC 9654 ilitolewa na AMD mwezi Novemba 2022 katika kizazi kiitwacho Genoa. Ina viini 96 na nyuzi 192. Kasi yake ya msingi ni gigahezi 2.4 na inaweza kupanda hadi 3.7, kache yake kubwa ni megabaiti 384, imepangiwa joto la wati 360, nayo haina sehemu ya picha kabisa.

Bila shaka umeona kwamba kasi ya msingi ya seva iko chini ya ile ya laptopu yako. Wanunuzi wengi hushtuka hapo, na wauzaji wengine hulipita jambo hilo kimyakimya. Kwa miongo kadhaa kasi ya saa ya prosesa, yaani zile gigahezi, ndiyo iliyouza kompyuta: kila chipu ilipopunguzwa ukubwa, transista zake zilihitaji volti ndogo zaidi na kwa hiyo zingeweza kupiga kwa kasi zaidi bila kuongeza joto, kama alivyoeleza Robert Dennard wa IBM pamoja na wenzake mwaka 1974. Mlango huo ulifungwa katikati ya miaka ya 2000. Intel ilikwisha kuuza Pentium 4 ya gigahezi 3.8 mwishoni mwa mwaka 2004, na miaka 18 baadaye prosesa ya seva iliyotoka ikiwa na bei rasmi ya dola 11,805 inaishia 3.7. Watengenezaji walipoona saa haiendi tena, waliongeza viini, na ndani ya kila kiini wakaongeza kiasi cha kazi kinachofanyika katika pigo moja la saa.

Hicho kiasi cha kazi kwa kila pigo ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya ushindi wako. Gawanya 3.7 kwa 3.3, unapata mara 1.12 tu. Ili ufike 2.2, kiini kipya lazima kiwe kimefanya karibu maradufu ya kazi katika kila pigo. Kinaweza kusubirisha maagizo 320 kwa wakati mmoja huku kikitafuta yapi yako tayari kutekelezwa, wakati kile cha Ivy Bridge huweza 168. Kinabashiri vizuri zaidi programu itaelekea upande gani kila inapofika kwenye njia panda, na ubashiri ukikosea, kazi iliyokwishafanywa hutupwa. Tena kina kache kubwa zaidi karibu yake.

Kuhusu kache, nitumie mfano wa kazini kwenu. Muuzaji wa duka la dawa akiulizwa parasetamoli, hunyoosha mkono kwenye rafu iliyo nyuma ya kaunta. Isipokuwepo, huingia stoo ya ndani. Na stoo nayo ikiwa tupu, kijana hutumwa ghalani Vingunguti, na mteja anakaa. Kache ni ile rafu, kumbukumbu ya RAM ni stoo, na diski ni ghala la mbali. Rafu ya laptopu yako ni ya megabaiti 3 na viini vyote viwili huitumia pamoja. Rafu ya EPYC ni megabaiti 384, lakini usidhani kwamba kiini chako kimoja kilikuwa na rafu yote hiyo: prosesa hiyo imeunganishwa kwa vipande 12 vya silikoni, kila kipande kina viini 8 na kache yake ya megabaiti 32. Kiini kimoja hufaidi kache ya kipande chake. Bado ni mara kumi ya ile uliyo nayo, na kwa programu inayorukaruka ndani ya majedwali makubwa, faida yake ni kubwa.

Hapo niweke tahadhari mbili kuhusu vipimo vyako. Ya kwanza ni kwamba ulilinganisha kompyuta mbili nzima, na prosesa ni sehemu yake tu. Kama T430 yako bado ina diski ya kuzunguka, sehemu ya zile dakika 31 ilikwisha katika kusubiri mafaili yatoke ghalani. Endesha programu mara mbili mfululizo: mara ya pili mafaili mengi yatakuwa yamebaki kwenye RAM, na tofauti ya muda itakuonesha mchango wa diski. Kama unatumia Linux, tanguliza neno time mbele ya amri yako. Utapewa muda wa ukutani na muda ambao prosesa ilifanya kazi kwelikweli. Ukiona muda wa ukutani ni dakika 31 na wa prosesa ni dakika 20, prosesa mpya haitakuponya kwa zile 11. Tahadhari ya pili ni joto. Laptopu ya zaidi ya miaka kumi, iliyokaa ofisi ya Sinza isiyo na kiyoyozi mwezi Februari, haifiki gigahezi 3.3 na kudumu hapo. Ikishapata joto hujishusha yenyewe ili isiungue. Nimefungua nyingi za umri huo hapa mjini. Kati ya feni na mapezi ya shaba mtu hukuta tabaka la vumbi lililoshikana kama kitambaa cha blanketi, unalitoa kwa vidole kipande kizima, na gundi ya kupitisha joto juu ya chipu imekauka ikawa unga. Fundi wa kuaminika huimaliza kazi hiyo ndani ya saa moja, na laptopu hurudi na kasi ambayo mwenyewe alikwisha kuisahau.

Sasa tuje kwenye viini 95 ambavyo havikufanya kazi. Mwaka 1967 Gene Amdahl, aliyekuwa mhandisi wa IBM, alitoa hoja ambayo mpaka leo haijapata wa kuikwepa: kasi unayoipata kwa kuongeza wafanyakazi hufungwa na ile sehemu ya kazi isiyogawanyika. Tuichukue kazi yako. Tukadirie kwamba katika zile dakika 14 za seva, dakika 12 zilikwenda kwenye kusoma na kuchambua mafaili 36, kila faili kivyake, na dakika 2 zilikwenda mwishoni kuunganisha matokeo kuwa jedwali moja. Mafaili ya kila mwezi hayategemeani. Hesabu ya Machi haihitaji kusubiri ya Februari iishe. Ukimpa kila mmoja wa wafanyakazi 36 faili lake, dakika 12 zinageuka sekunde 20. Zile dakika 2 za kuunganisha zinabaki palepale. Jumla ni dakika 2 na sekunde 20, yaani mara 13 hivi ya kasi ya laptopu yako. Hapo ndipo penye faida ya kweli ya seva kwa kazi yako, na bado viini 60 vimekaa bure kwa kuwa huna faili la 37 la kuvipa. Hata mngekodi seva mbili, msingekwenda chini ya dakika 2 mpaka sehemu ya kuunganisha nayo iandikwe upya.

Kinachonifurahisha zaidi ni upande wa pili wa hesabu hiyo. Laptopu yako nayo ina viini viwili, na siku zote umekuwa ukitumia kimoja. Kwa uwiano uleule, kati ya dakika 31 zake, dakika 26 na nusu zinagawanyika na 4 na nusu hazigawanyiki. Ukiwapa wafanyakazi wawili mafaili 18 kila mmoja, unapata dakika 13 na robo, ongeza 4 na nusu, jumla inakuwa chini kidogo ya dakika 18. Maana yake, mashine ya mwaka 2012 ikitumiwa yote inaikaribia seva ya mwaka 2022 iliyotumiwa kiini kimoja. Usitegemee kwamba nyuzi 4 zitakupa mara 4, lakini. Nyuzi mbili za kiini kimoja hugawana mitambo ileile, na uzi wa pili hufaidi pale tu wa kwanza anaposubiri kitu; nyongeza yake kwa kawaida ni sehemu ndogo ya kiini kizima.

Katika Python kuna mtego mmoja ambao huenda ndio utakaokupotezea siku. Python ya kawaida ina kufuli moja kubwa linaloruhusu uzi mmoja tu kutekeleza maagizo ya Python kwa wakati mmoja. Ukigawanya kazi kwa nyuzi ndani ya programu moja, utaona nyuzi 36 zimeanzishwa na muda haupungui hata dakika. Toleo la 3.13 la Oktoba 2024 lilikuja na namna ya majaribio isiyo na kufuli hilo, ila kwa kazi ya ofisini nisingeitegemea. Tumia moduli ya multiprocessing, ambayo huanzisha programu kamili zinazojitegemea, kila moja na kumbukumbu yake. Gharama yake ni RAM: kama programu yako moja hula gigabaiti 1.5, wafanyakazi 36 watataka 54, jambo ambalo seva haitalihisi. Laptopu yako, ambayo nafasi zake mbili za RAM huchukua gigabaiti 16 kwa jumla, ianze na wawili.

Usifikiri pia kwamba kila kiini cha seva kinapata zaidi ya cha laptopu katika kila jambo. Hapa wengi hupotea, kwa hiyo nikae kidogo. Njia ya kutoka RAM kwenda kwenye prosesa yako ina mikondo miwili ya RAM ya aina ya DDR3-1600, na uwezo wake wa juu ni gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Ukizigawia viini viwili, kila kimoja kinapata 12.8. EPYC 9654 ina mikondo 12 ya DDR5-4800, gigabaiti 460.8 kwa sekunde, kiasi cha kutisha. Lakini gawanya kwa viini 96, unapata 4.8 kwa kila kimoja. Viini vyote vikishika kazi ya kupitia majedwali makubwa kwa mkupuo, kila kiini cha seva kitapata theluthi moja na ushei ya kile kinachopata kiini chako cha zamani. Joto ni hivyohivyo: wati 35 kwa viini 2 ni 17.5 kwa kila kimoja, wati 360 kwa viini 96 ni 3.75. Hii ya pili ni sifa na mpaka kwa pamoja. Inaonesha jinsi teknolojia ya nanomita 5 ilivyopunguza ulaji wa umeme, na inaonesha pia kwa nini viini vyote vikiwa kazini haviwezi kukaa kwenye gigahezi 3.7, bali hushuka kuelekea ile kasi ya msingi. Chipu ya seva hutengenezwa kwa ajili ya hospitali, benki au kampuni ya simu yenye maelfu ya maombi madogomadogo yanayoingia kwa wakati mmoja, ambapo hakuna mteja mmoja anayetaka kila kitu.

Kuna kazi ambazo seva hii ingeiacha laptopu yako mbali hata zaidi ya zile mara 48. Kiini cha Ivy Bridge, kwa hesabu za namba zenye desimali kamili za biti 64, hufanya hesabu 8 kwa pigo moja kwa upeo. Kiini cha EPYC hii hufanya 16. Zidisha kwa viini na kasi ya msingi ya kila upande: laptopu, hesabu bilioni 41.6 kwa sekunde; seva, trilioni 3.69 hivi. Hiyo ni karibu mara 89, na kazi za kuzidisha matriki kubwa, kama zile za mifano ya hali ya hewa au za kufundisha kompyuta kutambua picha, huweza kuukaribia uwiano huo. Kusoma mafaili ya mauzo yenye maneno, tarehe na majina ya dawa hakumo katika kundi hilo.

Nikumbushe na kuhusu kukodi, kwa sababu safari hii mlichukua seva nzima na pengine safari ijayo hamtachukua. Mkikodi mashine pepe, yaani kipande cha seva kinachotumika kama kompyuta kamili, iliyoandikwa "prosesa 4", mara nyingi hizo 4 ni nyuzi, na nyuzi 4 ni viini 2 tu vya kweli. Someni maelezo ya mwenye huduma kabla ya kulipa. Ninyi mnahitaji mashine pepe ya nyuzi 32 au zaidi kidogo, kwa saa moja, mara moja kwa mwezi.

Hapo nimekwisha kuingia kwenye swali lako la mwisho, na jibu langu ni kwamba msinunue. Tuache bei ya seva yenyewe. Seva yenye prosesa ya aina hii, pamoja na RAM, diski na feni zake, tuseme inakula wastani wa wati 500. Ikiwaka mchana na usiku kwa siku 30 ni uniti 360, na kwa shilingi 350 kwa uniti ni shilingi 126,000 za LUKU kila mwezi, kabla hamjawasha kiyoyozi kitakacholiondoa joto hilo chumbani. Laptopu inayokula wastani wa wati 30 kwa mpango huohuo inamaliza uniti 21.6, shilingi 7,560. Seva haina betri ndani. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kazi imekwenda, mpaka mnunue UPS, betri ya akiba, iliyo kubwa kiasi. Laptopu yako, betri yake ikiwa bado hai, haitambui hata kwamba umeme umekatika. Feni za seva nazo hupiga kelele ambayo hakuna mtu atakayekaa nayo chumba kimoja akahesabu fedha. Na kama mngetaka kuiwekea Windows Server, leseni yake huhesabiwa kwa kila kiini, kwa hiyo mngelipia viini 96 ili kutumia 36 kwa dakika mbili na sekunde 20.

Yote hayo kwa kazi inayofanyika mara moja kwa mwezi! Ningekuwa na jibu tofauti kama mngekuwa na hifadhidata moja inayotumiwa na matawi mengi kwa wakati mmoja kutwa nzima. Hapo hata RAM ya seva, yenye uwezo wa kugundua na kusahihisha biti iliyogeuka, ingekuwa sababu ya kutosha. Laptopu yako haina ulinzi huo, na namba ikigeuka ndani yake hakuna atakayejua.

Hata hivyo sikushauri uing'ang'anie T430 milele, na sababu zake hazihusu kasi. Windows 10 iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Core i5-3320M haimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. Kwenye Linux una nafasi zaidi, ila milango inaanza kufungwa huko pia: Red Hat Enterprise Linux 10 inadai prosesa yenye maagizo ya AVX2, ya kufanya hesabu nyingi kwa mkupuo, ambayo Intel ilianza kuyaweka mwaka 2013 katika kizazi kilichofuata chako. Kuna pia ule udhaifu wa Meltdown na Spectre, unaoweza kuiruhusu programu moja kuchungulia siri za nyingine, uliotangazwa Januari 2018, ambao prosesa yako inao ndani ya silikoni yenyewe. Hufunikwa kwa programu, na kifuniko hicho kinakula sehemu ya kasi. Ofisi inayotunza hesabu za watu wengine inapaswa kuyafikiria haya.

Mtakapokwenda kutafuta nyingine Kariakoo, msikubali kuambiwa "hii ni Core i7" mkatosheka. Katika namba 3320M, ile 3 ya mwanzo ndicho kizazi na herufi M ni ya kompyuta mpakato. Core i7-3520M, ya kizazi hichohicho, nayo ina viini 2 tu, na nimeona watu wakiilipia zaidi kwa ajili ya ile 7. Ombeni namba kamili, kisha ulizeni idadi ya viini. Kwa AMD EPYC tarakimu ya mwisho ndiyo inayotaja kizazi, kwa hiyo 9654 ni ya kizazi cha nne.

Kwa sasa, basi, weka diski ya SSD, ile isiyozunguka, kama bado hujaiweka, fikisha RAM gigabaiti 16, safisha feni, kisha igawanye programu kwa wafanyakazi. Andika idadi ya wafanyakazi kama namba moja juu kabisa ya programu ili programu hiyohiyo iende kokote bila kuhaririwa. Ibaki ikiweza kukimbia kwenye laptopu, hata kama mtazoea kukodi. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, intaneti ya hapa nchini ilizorota, na mwisho wa mwezi haungoji waya utengenezwe. Mkikodi tena, iendeshe kwa mfanyakazi 1, halafu 2, 4, 8, 16, na mwisho 36, ukiandika muda wa kila safari. Itafika namba ambayo ukiizidisha maradufu muda unapungua kwa sekunde chache tu. Hiyo ndiyo idadi ya viini vya kulipia, na karatasi yenye namba hizo sita ndiyo ya kumpelekea bosi.